Heshima Haipimwi kwa Kilo

Mkenya akikuambia "twende tukule kitu," hiyo kitu si ndengu. Si managu wala kunde. Hakuna mtu amewahi kuvuka mji mzima, akapanda matatu mbili na kuomba ruhusa kazini, ili akale kunde. Kitu ni nyama. Ni mbuzi kama pesa ipo, ng'ombe kama haipo, na mambo yakiwa mabaya kabisa ni mutura ya jioni, vipande viwili na chumvi, mkiwa mmesimama kando ya barabara. (Ukiongeza "kidogo" mwisho wa hiyo kitu inakuwa hongo, lakini hayo ni makala ya siku nyingine. Ama pengine ni makala yaleyale.)

Tuna makabila zaidi ya 40 na hatukubaliani juu ya lolote: si uchaguzi, si mipaka, si hata kama chapati inafaa kuliwa na chai au na mchuzi. Lakini juu ya hili tumeshikana mikono: mtu asiyeagiza nyama ana kasoro. Ama ni mgonjwa, ama dini imemkaza, ama amesota. Jaribu kumwambia aliyekualika, "mimi niletee tu ugali na sukuma." Atakuangalia kwa huruma, halafu ainame akunong'oneze, "buda, usijali, leo ni juu yangu."

Sijaandika hii kukuambia uache nyama. Tulia, rudisha kisu mezani. Mimi mwenyewe nakula, mara moja moja, na maini ya kukaangwa vizuri siwezi kuyasema vibaya. Ugomvi wangu ni na ile heshima tuliyoitundika kwenye ndoano pale dirishani kwa bucha, katikati ya figo na mapafu, tukaanza kuipima kwa kilo.

Nilifanya kazi miezi minane nikiandikia mahali fulani pa choma, kando ya moja ya zile barabara za kuzunguka jiji. Kazi yenyewe ilikuwa ndogo: maneno ya kuweka chini ya picha, mistari miwili mitatu ya kuvuta watu wikendi. Masharti yalikuwa machache. Usiweke picha ya mboga peke yake. Usiweke picha ya mwanamke aliyejinunulia, aonekane akiletewa. Na kila tangazo liwe na neno moja kati ya haya: wanaume, mabosi, wazito, wakubwa. Nyama pale haikuuzwa kama chakula. Iliuzwa kama cheo. Mwezi wa mwisho walinilipa kwa mbavu kilo tatu na pole nyingi, na mwenye nyumba wangu hakuona vile mbavu zingeandikwa kwenye risiti ya kodi.

Lakini nilichoona pale kinazidi ile pesa yangu. Watu wanne wakikaa, wanaagiza kilo tatu. Kilo mbili zinawatosha, na kila mtu pale mezani anajua zinawatosha, ila kilo mbili ni aibu. Mbuzi ilikuwa 1,200 kwa kilo. Hapo ni 3,600 kabla ugali haujafika, kabla ya kachumbari, kabla ya vinywaji, ambavyo ndivyo hasa mwenye mahali anakuombea uagize. Wiki hiyohiyo, sokoni mtaani kwetu, maharagwe yalikuwa 160 kwa kilo. Piga hesabu mwenyewe: ni kilo 22, na chenji ya vitunguu. Familia ya watu watano inaweza kuyala hayo mwezi mzima na siku zikabaki.

Na hiyo familia ipo. Iko nyumbani inakula sukuma iliyokatwa nyembamba, kitunguu kimoja, mafuta ya kupima ya shilingi 20, ikingoja baba arudi akinuka moshi. Kila mtu aliyekulia ploti anaijua hiyo harufu mlangoni usiku wa Jumamosi. Ukiwa mtoto unajifanya umelala, kisha unageuka polepole ukiangalia kama kuna kitu amefunga kwa gazeti. Mara nyingi hakuna. Mifupa iliachiwa mbwa wa pale baa.

Wale wa "mwili unahitaji nyama" wako sahihi nusu, na hiyo nusu ndiyo inayowashtaki. Mwishoni mwa miaka ya 1990 watafiti walienda Embu, wakachukua shule 12 za msingi, na kwa miaka miwili wakawapa watoto githeri shuleni. Kundi moja liliongezewa nyama kidogo ndani ya githeri. Jingine lilipewa maziwa, jingine mafuta tu ya kuongeza nguvu, na la mwisho halikulishwa shuleni. Nyama yenyewe haikufika gramu 100 kwa siku. Hao watoto wa githeri ya nyama ndio waliopanda zaidi kwenye mtihani wa mafumbo ya picha, ule wa kupima kufikiri, na hata uwanjani walionekana wakichangamka na kuongoza wenzao kuliko wengine. Vitamini ya B12 huipati kwenye mmea wowote wa shambani. Madini ya chuma yaliyo kwenye nyama huingia mwilini kwa urahisi kuliko yale ya mboga za majani. Sibishani na lolote kati ya haya.

Sasa niambie, ni nani amekaa mbele ya ule ubao wa choma? Ni mtoto wa darasa la pili? Ni mama mwenye mimba ya miezi sita ambaye kliniki imemwambia damu yake iko chini? Ni mzee wa miaka 52, kitambi kimetangulia, kidole gumba cha mguu kimevimba, na daktari ameshamwambia mara mbili apunguze. Anatafuna, anafuta mafuta mdomoni, anasema protini ni muhimu. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta watoto 18 kati ya kila 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa katika nchi hii. Nyama ipo, inachinjwa kila siku, inaliwa. Inaliwa na asiyeihitaji, mbali na macho ya yule ambaye gramu 60 tu zingemfanyia kazi.

Kuna neno tumelipoteza hapa bara, na nadhani tulilipoteza pamoja na akili. Neno lenyewe ni kitoweo. Pwani bado wanalitumia. Kitoweo ni kile kitu cha kuteremshia ugali au wali: kipande cha samaki, mchuzi, mchicha, na siku nzuri nyama. Chakula ni ule ugali. Kitoweo ni msaidizi wake. Hata neno mboga lilikuwa hivyo, ndiyo maana mpaka leo mtu anaweza kuuliza "mboga ni nini leo?" na akajibiwa "nyama," na hakuna anayecheka. Lugha yenyewe inajua nyama ni ya pembeni. Sisi ndio tuliogeuza sahani juu chini, nyama ikawa chakula na ugali ukawa kitu cha kushikia nyama usichomeke vidole.

Hapo ndipo wanakuja wazee wa utamaduni. "Kijana, nyama ni mila yetu." Mila ya nani, mzee? Wamaasai na Wasamburu, ambao kila tangazo la choma linatumia sura zao, waliishi kwa maziwa. Ng'ombe hakuwa wa kuchinjwa kila wikendi. Alichinjwa kwa sherehe, na sherehe ilikuwa na sababu. Kwa Waluhya kuku alikuwa wa mgeni, firigisi ikawekewa mwenye boma, na wanawake kwa miaka mingi walikatazwa hata kuonja huyo kuku waliyemfuga, waliyemkimbiza na kumpika. Hiyo ndiyo mila unataka kunirudishia? Wakikuyu walikula viazi vitamu, nduma, njahi. Mbuzi alikuwa na siku yake na shughuli yake. Waislamu wa Pwani wanachinja Idi, na sehemu ya ile nyama lazima itoke mlangoni iende kwa maskini. Kila mahali unapoangalia, nyama ilikuwa nadra na ilikuwa na mgao. Hii ya Ijumaa mpaka Jumapili, kila mtu na kilo yake, simu mkononi, Fuliza ikilipa tofauti, ni mila ya juzi. Imezaliwa na mshahara na baa.

Na kwa sababu tumeanza historia, wacha niende mpaka mwisho. Mwaka wa 1938 serikali ya kikoloni iliamua kwamba Wakamba wana ng'ombe wengi kupita kiasi na kwamba ndio wanaharibu ardhi. Haikutaja kwamba ardhi nyingine, ile nzuri, ilikuwa imeshaenda kwa walowezi na watu wamesukumwa pamoja na mifugo yao kwenye iliyobaki. Haikupigia kelele sana kwamba kampuni ya Liebig ilikuwa imejenga kiwanda cha nyama Athi River, na kiwanda kinataka ng'ombe wa bei ya chini, wengi, bila kukatika. Ng'ombe wakachukuliwa kwa nguvu wakauzwa. Watu hawakukaa. Maelfu, wanaume kwa wanawake na watoto, walitembea kutoka Ukambani hadi Nairobi, wakapiga kambi wiki kadhaa wakitaka kuonana na gavana. Aliyekuwa mbele yao, Muindi Mbingu, alikamatwa akapelekwa kizuizini Lamu. Lakini serikali ilirudi nyuma, ule uuzaji wa lazima ukasimama. Kiwanda chenyewe baadaye kikawa cha Kenya Meat Commission, iliyoundwa mwaka wa 1950.

Hao watu hawakuandamana kwa kuwahurumia wanyama. Ng'ombe alikuwa akiba, mahari, maziwa ya mtoto, dawa ya njaa mwaka wa kiangazi. Walikataa kuambiwa kwamba thamani ya ng'ombe ni kilo zake tu. Leo Muindi Mbingu ana barabara katikati ya Nairobi, na kwenye hiyo barabara kuna City Market, na ndani ya City Market kuna nini? Bucha, zimepangana, jamaa wa koti jeupe wanakuvuta mkono, "bosi, nyama laini, bosi." Nimepita pale mara nyingi nikijiuliza kama kuna mtu alikaa ofisini akapanga huo mzaha, ama ulijipanga wenyewe.

Kuna methali inasema mla mbuzi hulipa ng'ombe. Huwa tunaitumia tukimaanisha ukidokoa cha mtu, malipo yatakuwa makubwa kuliko ulichodokoa. Kwetu imekuwa bili.

Babu yetu alizikwa Septemba, kijijini, upande wa magharibi. Alikuwa mtu wa mambo yake madogo: redio, kofia moja, ng'ombe wanne. Mmoja wao, mtamba mweusi mwenye doa jeupe kwa bega, alikuwa ameshasemwa hadharani, mbele ya mama na mbele ya wajomba, kwamba atauzwa karo yangu ya mwaka wa tatu itoke. Mzee mwenyewe ndiye aliyesema. Akafa kabla ya kumuuza. Kikao cha mazishi kikakaa chini ya mwembe, na swali la kwanza halikuwa mochari inadai ngapi, wala nani atamtunza bibi. Swali lilikuwa tuchinje wangapi. Mjomba mkubwa akasimama, sauti imejaa majonzi ya kweli, akasema mzee wa hadhi hii hatazikwa kwa maharagwe. Watu wakapiga makofi. Matangani, watu wakapiga makofi.

Walichinjwa watatu. Mtamba mweusi alikuwa wa tatu, kwa sababu Alhamisi usiku ilionekana nyama haitafika Jumamosi. Nilisaidia kuushika mguu. Walikuja watu ambao mzee hakuwajua, na wengine aliwajua na hakuwapenda. Kuna kina mama walikuja na mikebe ndani ya mikoba, na siwalaumu, wana watoto nyumbani. Ukiniuliza, hao ndio pekee waliokuwa na mpango mzuri na ile nyama. Wanasiasa wawili walikula wakiwa wamekaa kwenye hema la wageni, wakahutubia, wakaondoka. Jumatatu yake boma lilikuwa na mbu, mifupa, deni la mchele dukani na ng'ombe mmoja aliyezeeka. Siku ya mwisho ya usajili chuoni ikapita wiki mbili baadaye. Kulikuwa na mambo mengine, sitasema yote ni ya mtamba mmoja. Ila najua bei aliyokuwa amewekewa sokoni, na najua salio nililodaiwa, na hizo namba mbili zilikuwa jirani sana.

Mtu akiniambia nyama ya matanga ni kumheshimu marehemu, namwuliza: marehemu alisema nini kuhusu huyo ng'ombe? Kwa sababu wetu alisema. Tulimla yule ng'ombe na neno lake.

Basi tuzungumze na bucha. Wiki ijayo ukienda kununua robo, uliza swali moja tu: huyu ametoka wapi? Nimekuwa nikiuliza tangu mwaka uanze, bucha tofauti tofauti. Mmoja aliniambia "kwa ng'ombe." Mwingine aliita mwenzake aje aone mimi. Wa Kiamaiko ndio walionijibu vizuri, kwa sababu kule mbuzi huja kutoka Moyale na Marsabit na wauzaji wengi ni watu wa huko. Wanajua hata mvua ilinyesha lini. Wengine wote wanajua tu kuna muhuri wa zambarau kwenye paja. Muhuri unasema daktari wa mifugo alipita. Hausemi huyo ng'ombe alikuwa wa nani.

Na hilo si swali la udaku. Novemba 2012 polisi zaidi ya 40 waliuawa katika bonde la Suguta, karibu na Baragoi, wakifuata mifugo iliyoibwa. Februari 2023 serikali ikapeleka jeshi kaskazini mwa Bonde la Ufa kwa sababu ya wizi huohuo. Wanaoishi kule wamesema kwa miaka kwamba wizi wa zamani, wa kijana kutafuta mahari, umegeuka biashara: mifugo inaibwa usiku, inapakiwa kwenye lori, inashuka mijini. Ikishuka mijini inaenda wapi? Haiendi kusoma. Watu wanazikwa Baringo na Samburu, sisi tunalalamika mbuzi leo ni mgumu.

Punda je? Sheria iliruhusu punda achinjwe mwaka 2012. Vikafunguliwa vichinjio vinne, Naivasha, Mogotio, Machakos na Turkana, ngozi zikienda China kutengenezwa ejiao, ile dawa yao ya kuongeza damu na urembo. Sensa ya 2009 ilihesabu punda milioni 1.8. Ya 2019 ikahesabu kama milioni 1.2. Kinamama waliamka asubuhi wakakuta kamba imekatwa, na yule aliyekuwa akibeba maji mitungi minne ameenda. Siku hiyo maji yakabebwa na mgongo wa mwanamke, ama wa binti aliyetolewa shule. Serikali ikapiga marufuku 2020, mahakama ikaitupa hiyo marufuku mwaka uliofuata, na Februari 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika wakakubaliana kwamba kuchinja punda kwa ajili ya ngozi kukome. Sisi mjini tuliingia kwenye hayo mazungumzo mara moja tu: tulipoogopa kwamba sambusa ina punda.

Hiyo ndiyo hofu yetu siku zote, ya tumbo letu. Julai 2019 runinga ilipoonyesha kwamba baadhi ya maduka makubwa yanaipaka nyama dawa ya kuhifadhi ibaki nyekundu, nchi nzima ilipiga kelele, bucha kadhaa za madukani zikafungwa, halafu Desemba ikafika na kila mtu akasahau. Lakini kati ya 2020 na 2023, misimu mitano ya mvua ikikosa mfululizo, mifugo zaidi ya milioni 2.5 ilikufa kaskazini na maeneo makavu ya nchi. Mizoga ililala kando ya barabara na wafugaji wakauza waliobaki kwa bei ya kutupa. Kelele hazikuwa nyingi. Wale wale ng'ombe ambao ni "utamaduni wetu" wakiwa kwenye ubao, wakifa na kiu ni shida ya watu wa kule.

Kuhusu smoki na soseji nitasema kidogo kwa sababu hakuna mengi. Tangu Oktoba 2015 Shirika la Afya Duniani, kupitia taasisi yake ya utafiti wa saratani, limeziweka nyama za kusindikwa kwenye orodha ya vitu vinavyosababisha saratani, na nyama nyekundu kwenye orodha ya vinavyoshukiwa. Gramu 50 za kusindikwa kila siku huongeza uwezekano wa saratani ya utumbo mpana kwa asilimia 18. Smoki mbili za asubuhi, kila asubuhi, hapo stejini. Najua ni za bei ya chini na zinashikilia mtu mpaka saa nane. Ndiyo maana nina hasira na anayezitengeneza na anayezitangaza, si na wewe uliyeshuka matatu na njaa. Na yule kuku wa gredi wa wiki sita, ambaye dawa zake zinauzwa kwenye agroveti kama peremende, bila mtu kuuliza siku za kusubiri kabla hajachinjwa, huyo nitamwachia anayemfuga aeleze.

Kuna kundi jingine ambalo litasoma hii na kunipongeza, na sitaki pongezi zao. Hao wa Westlands, wa maziwa ya lozi, wa nafaka zilizopanda ndege, wanaokula "kutoka kwenye mimea" kana kwamba mimea ilivumbuliwa juzi. Nilikaa kwenye mkahawa mmoja wao, nikaletewa ndengu kwa jina la kigeni, kijiko tatu kwenye bakuli pana, shilingi 950. Mama wa kibanda nyuma ya jengo lilo hilo alikuwa na ndengu za nazi kwa 100 na chapati juu. Halafu wanashangaa mbona mtu wa kawaida anaona kutokula nyama ni mchezo wa matajiri. Wahindi wa Ngara na Parklands wamekula bila nyama katika mji huu tangu reli, vizazi na vizazi, na sisi tulichochukua kwao ni bhajia tu. Na Mombasa mtu anaamka asubuhi anakula mbaazi za nazi kwa mahamri, anashiba, anaenda kazini, wala hajui kwamba amefanya jambo la kimapinduzi.

Tatizo letu na maharagwe si maharagwe. Ni shule ya bweni. Tulilishwa yakiwa na dudu, yamechemshwa na magadi mpaka yakapoteza jina, miaka minne, na tulipotoka tukaapa. Madondo likawa neno la umaskini na la jela. Lakini hata nyama ukiichemsha na magadi ndani ya sufuria ya watu 800, ukaikoroga kwa mwiko mrefu kama kasia, itakuwa adhabu. Loweka maharagwe usiku. Mwaga hayo maji. Chemsha yaive kabisa, si yale ya kurukaruka mdomoni. Kitunguu kingi, nyanya, dania, tui la pili kwanza halafu la kwanza mwishoni, moto ukiwa chini. Managu uchanganye na terere, uyatilie maziwa au krimu, uyalaze usiku mmoja. Siku ya pili ndiyo yanakuwa na utamu wake. Halafu urudi uniambie hicho ni chakula cha mtu aliyeshindwa na maisha.

Ninachotaka si kikubwa. Nyama iingie sufuria ya nyumbani kabla ya kuingia ubao wa baa, na ikiingia sufuria, kijiko kianze kwa mtoto na kwa mwenye mimba, mzee achovye mchuzi. Ile robo ya wiki ikatwe vipande vidogo ndani ya githeri kama walivyofanya kule Embu. Harambee ya karo isianze kwa kununua mbuzi watano ili watu wakubali kuchanga. Kama hawawezi kuchanga bila mfupa mkononi, hawakuja kwa ajili ya mtoto. Na matanga yalishe waliotoka mbali kwa githeri na chai, kisha ng'ombe wabaki wakiwa hai, na waliobaki nao.

Mwezi ujao tuna kumbukumbu ya mwaka mmoja ya mzee. Kikundi cha familia kwenye simu kimeshaanza kuchangisha; kuna fahali ameonekana kwa jirani na mjomba anasema bei si mbaya. Niliandika ujumbe mrefu juzi usiku. Nikaweka bei ya fahali, na chini yake karo ya binamu yetu anayeingia sekondari, na chini yake gunia moja la maharagwe na moja la mahindi. Bibi, ambaye hasomi sana lakini husomewa, amejibu kwa sauti: sekunde sita, anasema yeye meno ya nyama hana tena, apikiwe mrenda. Wengine 31 wamesoma kimya. Mjomba ameniuliza pembeni kama kuna kanisa nimejiunga nalo.